Jukwaa Nalo ni Jengo: Barua ya Wazi kwa OSHA

Kwa Mtendaji Mkuu na wakaguzi wote wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Tanzania.

Anayepita Goba, Madale, Kibamba au Chanika asubuhi hukutana na picha ileile. Ukuta wa matofali umepanda hadi ghorofa ya pili, na mbele yake imesimama mirunda: miti ya mkaratusi iliyokatwa juzijuzi, magome bado yanabanduka, imegongelewa misumari ya inchi nne na kukazwa kwa waya wa kufungia nondo. Juu yake zimelazwa mbao mbili tatu ambazo wiki iliyopita zilikuwa ubavuni mwa boriti ya zege. Hakuna cha kushikia. Fundi ameupa mgongo uwazi, timazi mkononi, anatafuta unyoofu wa kozi ya mwisho. Saidia fundi anapanda na ndoo begani, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye mrunda. Chini yao, kwenye kivuli cha jukwaa hilohilo, mama ntilie anapakua maharage.

Nyumba ile ina mchoro. Ina kibali cha halmashauri, na kama mwenyewe ni mtu wa kufuata taratibu, ina bango lenye jina la mkandarasi, msanifu na mhandisi. Jukwaa linaloibeba kazi yote halina hata mstari mmoja wa kalamu. Hakuna aliyelichora, hakuna aliyepiga hesabu ya mzigo wake, na likianguka saa nne asubuhi hakuna atakayeweza kusema nani alilithibitisha saa moja. Barua hii imeandikwa kwa ajili ya jambo hilo moja. OSHA ilitambue jukwaa kuwa jengo. Ni la muda mfupi, lakini ni jengo, na linastahili kuwa na mchoro, bei, na mtu anayelitia saini kila siku ambayo mwanadamu atalipanda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tofali la saruji la inchi sita, lile la kawaida la Dar es Salaam, lina uzito wa karibu kilo 30. Wakipandishiwa mafundi matofali 20 ili wasisumbuke kuomba omba, hizo ni kilo 600. Mafundi wawili na wasaidizi wawili, kwa wastani wa kilo 65, wanaongeza 260. Karai mbili za udongo wa kujengea zinafikisha mzigo karibu na kilo 900, takriban tani nzima, juu ya mbao ambazo hakuna aliyeuliza zina umri gani. Kanuni za Marekani zinataka jukwaa liweze kubeba uzito wake lenyewe pamoja na mara nne ya mzigo mkubwa unaotarajiwa. Kwa mfano wetu hizo ni kilo 3,600. Ni mirunda mingapi ya Goba ambayo mtu amewahi kuiuliza swali hilo?

Mirunda haivunjiki ovyo, na mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana wanaiamini. Kinachoshindwa kwa kawaida ni maungio. Mti mbichi ukikaa juani wiki tatu hunywea, na msumari uliokuwa umebanwa barabara unabaki kwenye tundu lililolegea. Waya uliokazwa Jumatatu unakuwa umepwaya mwezi unapoisha, na hakuna anayeonekana kuupita tena na koleo. Mvua ikinyesha usiku, mguu mmoja wa jukwaa uliosimikwa kwenye kifusi huzama sentimita chache kuliko mwenzake, na jukwaa zima likaanza kuegemea upande ambao halikupangwa kuegemea. Kuna pia ule ubao mrefu unaopita mbali kuliko mhimili wake, ncha ikining'inia hewani. Mtu akikanyaga katikati hana neno. Akirudi hatua moja nyuma ili autazame ukuta, ubao unanyanyuka upande wa pili kama bembea, na yeye hana tena anapokanyaga.

Isieleweke kwamba miti ndiyo dhambi na chuma ndiyo wokovu. Hong Kong imejenga minara yake kwa majukwaa ya mianzi kwa vizazi, na hata baada ya serikali yake kutangaza mwaka 2025 kwamba angalau nusu ya miradi mipya ya umma itumie chuma, mianzi haijatoweka. Tofauti kubwa iko kwa mtu anayefunga. Kule kufunga jukwaa ni ufundi unaosomewa, na mtu mwenye sifa hulikagua na kujaza fomu kila baada ya siku zisizozidi 14. Kwetu jukwaa hufungwa na yeyote aliyewahi kufika saiti mapema. Hata mabomba ya chuma ya kukodi yakija, hufungwa na mkono uleule, bila klempu za kutosha, bila bamba chini ya mguu, bila kuunganishwa na ukuta.

Mita sita ni kimo cha sakafu ya ghorofa ya pili. Mtu akianguka kutoka hapo anafika chini kwa sekunde moja na sehemu ya kumi, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Hata kupiga kelele hakumalizi.

Akiangukia miguu, visigino hupasuka kwanza, kisha nguvu hupanda hadi uti wa mgongo na kuiponda pingili ya sehemu ya chini ya kifua au kiuno. Kwa sababu hiyo, daktari mzoefu akiletewa mtu aliyevunjika visigino kwa kuanguka, humwangalia na mgongo hata kama haulalamikii. Lakini kabla ya daktari kuna safari. Wenzake, kwa upendo na hofu, wanamnyanyua kwapani, wanamkunja kwenye kiti cha nyuma cha bajaji na kukimbiza kuelekea zahanati. Pingili iliyokuwa imepasuka tu inaweza kusogea njiani na kuubana uti wa neva. Mtu aliyekuwa anahisi vidole vyake saitini anafika hospitali hahisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Ubao uleule wa jukwaa, kama mtu angewafundisha, ungetosha kumlaza na kumfunga asitikisike hadi gari lipatikane. Hilo ni somo la nusu saa, nalo halipo.

Baada ya hapo maisha yanahamia kitandani. Kuna mpira wa mkojo, kuna vidonda vya kulalia ambavyo vikiingia usaha huua taratibu mtu ambaye kuanguka kulimwacha hai, kuna mke au dada au mama anayeacha genge lake ili amgeuze mgonjwa kila saa mbili. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo inayopokea majeraha mazito ya mgongo na kichwa kutoka kila pembe ya nchi. Wauguzi wake wanajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba neno "alianguka kazini" likiandikwa kwenye faili la mgonjwa, linakuwa limeandikwa kwenye maisha ya nyumba nzima.

Katika ukaguzi wa saiti nyingi, macho hukimbilia kofia ngumu, buti na fulana ya rangi kali. Ni vitu vya lazima, na barua hii haivipuuzi. Lakini kofia haizibi pengo la mbao zilizopungua, na mkanda wa usalama, ambao ndio hutajwa kila kuanguka kunapozungumzwa, una masharti yake ambayo hayasemwi sana. Mkanda wenye kamba ya mita 2 na kipunguza mshtuko unahitaji nafasi ya karibu mita 6 chini ya mahali ulipofungwa: kamba inanyooka, kipunguza mshtuko kinafumuka, mwili una urefu wake, na lazima ibaki nafasi ya akiba. Fundi aliyeko mita 3 juu, akivaa mkanda huo, atafika chini kabla haujamshika. Na mkanda uliofungwa kwenye mrunda wenyewe unaanguka pamoja na mrunda. Kinachomwokoa mtu wa ghorofa ya kwanza, ambako ndiko ujenzi wetu mwingi uliko, ni vitu vya kawaida kabisa: mbao zilizojaa upana wote bila pengo, reli ya kifuani, reli ya katikati, na ubao wa ukingoni unaozuia nyundo isimdondokee yule mama ntilie. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 zinataka reli ya juu iwe angalau milimita 950 kutoka sakafu ya jukwaa, na pengo kati ya reli lisizidi milimita 470. Fito tatu na misumari. Mti wenyewe upo saitini, umelala chini.

Kuna kisa ambacho kila mkaguzi angefaa kukijua kwa kina, cha daraja la Golden Gate kule San Francisco. Lilipoanza kujengwa mwaka 1933, wajenzi wa Marekani walikuwa na hesabu yao ya kikatili: kila dola milioni moja ya ujenzi, mtu mmoja atakufa. Daraja hilo liligharimu takriban dola milioni 35. Mhandisi mkuu Joseph Strauss alikataa hesabu hiyo. Aliwalazimisha wafanyakazi kuvaa kofia ngumu, na chini ya daraja akatandaza wavu wa kamba wa gharama ya zaidi ya dola 130,000, fedha nyingi mno wakati ule wa mdororo mkuu wa uchumi. Wavu ule ulidaka watu 19. Kwa karibu miaka minne alikufa mtu mmoja tu.

Asubuhi ya tarehe 17 Februari 1937, zikiwa zimesalia wiki chache kazi iishe, jukwaa la kutembea lenye uzito wa tani kadhaa, lililokuwa likitumika kubandua mbao za zege chini ya barabara ya daraja, lilichomoka kwenye vishikizo vyake. Liliangukia wavu. Wavu uliotengenezwa kudaka watu haukuweza kudaka jukwaa. Ulipasuka na kuporomoka baharini na waliokuwemo. Watu 10 walifariki. Daraja lenye minara ya mita zaidi ya 220 lilikuwa limehesabiwa kila msumari wake, na wafanyakazi wamewekewa ulinzi ambao dunia ilikuwa haijauona. Kilichowaua kilikuwa kile kitu cha muda, chuma cha kupita tu, ambacho kingebomolewa na kusahauliwa mwezi uliofuata.

Miaka 41 baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island katika jimbo la West Virginia, wafanyakazi walikuwa wakijenga mnara wa kupoozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa lao halikusimama ardhini. Lilifungwa kwenye mnara wenyewe, likipanda nao kila zege jipya lilipomwagwa. Zege lililolishika siku hiyo lilikuwa limemwagwa jana yake, katika hali ya baridi, na lilikuwa halijakomaa. Lilianza kumeguka upande mmoja, kisha jukwaa likazunguka mnara mzima likichomoka kipande baada ya kipande, kutoka kimo cha zaidi ya mita 50. Watu wote 51 waliokuwa juu walikufa. Familia moja ilizika watu 11. Mwaka 2016, kule Fengcheng nchini China, zaidi ya watu 70 walikufa kwenye mnara wa aina hiyohiyo, na sababu ilirudi ileile: fomu zilifunguliwa zege likiwa halijapata nguvu, kwa kuwa kazi ilikuwa inakimbizwa.

Visa hivi viko mbali, lakini anayeona mirunda iliyoshikilia jamvi ikifunguliwa baada ya siku 7 ili ikatumike saiti nyingine hawezi kuvisoma kama habari za mbali. Mirunda yetu inafanya kazi mbili. Ni jukwaa la kusimamia na ni nguzo ya kushikilia zege bichi. Mwenye nyumba aliyeikodi kwa siku anahesabu fedha kila jua likichwa. Zege lenyewe halijui deni hilo. Linakomaa kwa mwendo wake, na nguvu yake ya kawaida hupimwa siku ya 28.

Nchi hii imelia kwa majengo. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako zaidi ya watu 25 walifariki na tume ikaundwa kukagua majengo ya eneo lote. Kila mara viongozi walifika, kamera zilifika, maagizo yalitoka. Ilistahili iwe hivyo.

Lakini yule kijana mmoja aliyeteleza kwenye ubao huko Kibamba hana tume. Anaanguka peke yake, siku ya kawaida, na kufikia saa nane mchana mwenzake mwingine ameshapanda mahali pake kwa sababu zege limeshakorogwa. Wakijumlishwa wa aina yake, mmoja Mwanza, mmoja Mbeya, mmoja Kigamboni, wanafanya msiba mkubwa ambao haujawahi kusimamisha bendera nusu mlingoti. Hao ndio hasa ambao OSHA ina uwezo wa kuwaokoa, maana kuanguka kwao hakutokani na siri ya ardhi wala hesabu ngumu za nondo. Kunatokana na kitu ambacho mkaguzi anakiona kwa macho kabla hajashuka kwenye gari.

Sasa fedha, maana hapo ndipo mzizi ulipo. Katika mchanganuo wa gharama za ujenzi, ambao kila fundi siku hizi anauita BOQ, nondo zina mstari wake, saruji ina mstari wake, hata kitasa cha mlango wa choo kina mstari wake. Jukwaa mara nyingi humezwa kwenye gharama za awali, au huchukuliwa kuwa limo ndani ya bei ya ukuta. Makandarasi wanaposhindana kwa bei, anayetaka kushinda hawezi kupunguza nondo, kwa sababu mhandisi atazihesabu. Anapunguza pale ambapo hakuna anayehesabu. Kwa hiyo mkandarasi mwema, anayepanga kukodi mabomba ya chuma na kumlipa mtu wa kuyafunga, hushindwa zabuni na yule atakayenunua mirunda ya mkaratusi na kuitumia saiti tano. Mwandishi wa barua hii haamini kwamba makandarasi wetu ni watu wasio na huruma. Wamewekwa kwenye mashindano ambayo huruma inawagharimu kazi, na utaratibu huo una wenyewe wanaoweza kuubadilisha.

Dawa yake inajulikana. Gharama ya jukwaa itolewe nje ya mashindano: iwe kiasi kilichopangwa na mkadiriaji majenzi, kilekile kwa kila mzabuni, kinacholipwa tu pale jukwaa lilipoonekana limesimama kama lilivyochorwa. OSHA haiwezi kulifanya hilo peke yake. Inahitaji Bodi ya Usajili wa Makandarasi na halmashauri zinazotoa vibali, ndiyo maana nakala ya barua hii inaelekezwa kwao. Halmashauri inayokataa kutoa kibali bila mchoro wa msingi inaweza kukataa bila mchoro wa jukwaa. Kwa nyumba ya ghorofa moja mchoro huo hautazidi ukurasa mmoja, na halmashauri ingeweza kuuchapa tayari, wenye vipimo vya mirunda, umbali kati ya miguu, idadi ya mbao na mahali pa kufunga kwenye ukuta, mwenye nyumba akapewa pamoja na kibali chake.

Huyo mwenye nyumba naye ni wa kutazamwa. Sehemu kubwa ya nyumba za miji yetu hujengwa na mtu anayelipia kidogo kidogo: mshahara ukiingia, kozi tano, bonasi ikija, linta. Anamwita fundi, fundi anawaita vijana wake wa kijiweni, na vijana wanalipwa mkononi jioni. Akianguka mmoja, mwajiri ni nani? Mwenye nyumba atasema alimpa kazi fundi. Fundi atasema yeye naye ni kibarua tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliandikwa ili kuwalinda watu walio kazini, lakini kwenye mnyororo huu wajibu hupita mkono kwa mkono mpaka unamfikia yule aliyelala chini.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unafanya kazi tangu mwaka 2015, na mafao yake si haba: matibabu, malipo ya ulemavu, utengamao, msaada wa mazishi, pensheni kwa wategemezi. Ni moja ya mambo mazuri ambayo nchi imejijengea. Hata hivyo, mlango wake hufunguliwa kwa karatasi, yaani uthibitisho kwamba mtu alikuwa kazini, kwa nani, kwa ujira gani. Kijana aliyelipwa mkononi hana karatasi. Kenya, ambako Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inataja fidia ya ujira wa miezi 96 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, vijana wa mjengo wanakabiliwa na ukuta huohuo: miezi 96 ya ujira gani, kama hakuna palipoandikwa? Daftari la asubuhi lenye jina, namba ya NIDA na ujira wa siku, likipigwa picha kwa simu na kutumwa kwa namba ya bure, lingetosha kuwa karatasi hiyo. Saiti nyingi tayari zina daftari la kuhesabu mifuko ya saruji.

Kuna jambo la takwimu pia. Huko Uingereza, ukiacha Ireland ya Kaskazini, watu 138 walikufa kwa ajali za kazini katika mwaka wa 2023/24, na 50 kati yao walianguka kutoka juu. Idadi hiyo hutangazwa kila mwaka ikiwa imegawanywa kwa sababu ya kifo na kwa aina ya kazi, na kila mwaka mtu anabanwa kuieleza. Qatar, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta riziki kwenye majengo na barabara, kwa miaka ilizungukwa na mabishano ya ni wangapi wanaokufa. Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilichapisha ripoti iliyokusanya kumbukumbu za hospitali na taasisi za serikali badala ya kungoja waajiri watoe taarifa wenyewe. Ikaonekana kwamba katika mwaka 2020 walikufa wafanyakazi 50 na zaidi ya 500 wakaumia vibaya, na kuanguka kutoka juu kulikuwa miongoni mwa sababu kuu za majeraha hayo makubwa. Njia hiyo ndiyo inayotufaa. Mwenye saiti ana sababu nyingi za kunyamaza, lakini hospitali hainyamazi. OSHA na MOI, pamoja na hospitali za rufaa za mikoa, wakikubaliana juu ya kisanduku kimoja tu kwenye fomu ya mgonjwa wa ajali, kinachouliza alianguka kutoka kwenye nini, kutoka mita ngapi, na wilaya gani, baada ya mwaka mmoja wakaguzi watajua waelekee wapi.

Ndugu wakaguzi, inafahamika kwamba ninyi ni wachache na saiti ni nyingi. Hakuna idadi ya wakaguzi itakayoweza kusimama chini ya kila mrunda wa Tanzania. Kwa hiyo ombi la mwisho la barua hii ni dogo na la bei nafuu. Kila jukwaa linalozidi mita 2 liwe na kadi iliyofungwa kwenye ngazi yake, yenye rangi mbili, kijani upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Nchi nyingi zinatumia kadi za namna hiyo, na kampuni kubwa za hapa nchini, hasa za migodini na gesi, zimezizoea. Kadi isainiwe kila asubuhi kabla ya kazi, na isainiwe upya mvua kubwa ikinyesha au jukwaa likiguswa. Anayesaini awe amepita mafunzo ya siku chache ambayo VETA ina uwezo wa kuyatoa katika mikoa yake, na namba yake iwe kwenye orodha yenu. Jukwaa lisilo na kadi, au lenye kadi nyekundu, kijana akikataa kulipanda asifukuzwe, na akifukuzwa awe na namba ya kupiga. Mama ntilie naye aweze kuisoma. Mpita njia aweze kuipiga picha.

Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ambazo mtu aliyeishia darasa la saba atazisoma akiwa na ndoo begani:

JUKWAA HILI LIMEKAGULIWA LEO. Tarehe. Saa. Jina na namba ya aliyekagua. Watu wasiozidi. Matofali yasiyozidi. Miguu imekanyaga imara: ndiyo au hapana. Limefungwa ukutani: ndiyo au hapana. Mbao zimejaa: ndiyo au hapana. Reli zipo: ndiyo au hapana. Kama kuna "hapana" hata moja, geuza kadi, usipande.

Nakala: Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wakurugenzi wa halmashauri zote zinazotoa vibali vya ujenzi.